Mzigo wa Kuni: Sahani Thelathini na Moja za Matasia

1. Sanduku

Katika nyumba moja ya mawe iliyoko Matasia, kando ya barabara itokayo Ngong kwenda Kiserian, palikuwa na sanduku la mbao lililofunikwa kwa shuka. Ndani yake mlikuwa na sahani za santuri thelathini na moja. Mwenye sanduku, fundi wa umeme aliyeanza kazi Mombasa akaimalizia Nairobi, alikuwa amefariki miezi minne kabla. Mjane wake alikuwa ameamua kuipangisha nyumba na kuhamia chumba cha uani, na kila kitu kisichokuwa na mtumiaji kilipaswa kuondoka. Vyombo vya ufundi vilikwisha chukuliwa na wanawe. Nguo zilikwisha gawanywa. Sanduku ndilo lililobaki, na kwa ajili yake aliitwa mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aje Jumamosi moja asubuhi.

Mjane alimkaribisha chai, akamwachia nafasi ya kunywa, kisha akasema lililomkaa moyoni: "Mwalimu, ndugu yako alizipenda hizi. Mimi sizitaki nyumbani. Akina mama wa jumuiya wakija kusali huziona, nami sina la kuwajibu. Chagua unazoweza kubeba kwa mkono mmoja. Zilizobaki nitazichoma na takataka."

Kauli hiyo haikutokana na chuki. Katika Kenya ya miaka ya 1990 hofu ya ibada ya shetani ilikuwa jambo zito la umma. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume rasmi ya kuichunguza, na kwa muda mrefu baadaye jalada lenye moto, fuvu au uso uliokunjamana lilitosha kumtia mtu shakani. Juu kabisa ya sanduku hilo palikuwa na albamu ya kwanza ya kundi la King Crimson, ambayo jalada lake ni uso mwekundu uliopanua kinywa kwa mayowe. Uso huo ulichorwa na Barry Godber, kijana aliyefariki mapema mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 24, miezi michache tu baada ya albamu kutoka. Lakini mtu asiyeyajua hayo, na asiye na sababu ya kuyajua, angeuona uso huo kuwa nini?

Mkono mmoja wa mtu wa miaka sabini uliweza kushika sahani saba, kwa kuwa mkono wa pili ulihitajika kushikilia chuma cha matatu. Hivyo ndivyo swali ambalo wahakiki hulijadili kwa utulivu kwenye semina lilivyomjia mwalimu yule kama kazi ya kufanywa kabla ya jua kuchwa: kazi ipi ni ya lazima, na ipi inaweza kuachwa ipotee?

2. Suala la uteule

Kwa miaka thelathini na miwili mwalimu alikuwa amefundisha kwa kufuata orodha za vitabu teule zilizoamuliwa na watu wengine. Alijua kwamba orodha haiepukiki, maana muda wa darasa una mwisho. Alijua pia kwamba kila orodha huficha swali lisiloulizwa: teule kwa nani, na kwa kazi gani? Roki nayo ina orodha zake. Magazeti ya Uingereza na Marekani yamezichapisha kwa miongo mingi, na majina yaliyomo hayabadiliki sana: Led Zeppelin, Deep Purple, Black Sabbath, Pink Floyd, Yes, Genesis, King Crimson, Queen. Orodha hizo hazikosei kuhusu ubora wa kazi zenyewe. Kasoro yake ni kwamba humchukulia msikilizaji kuwa mtu wa namna moja, aliyekulia mahali pa namna moja, na aliyezinunua sahani zake dukani.

Marehemu hakuzinunua dukani. Alipokuwa kijana Mombasa katika miaka ya 1970 alitengeneza santuri zilizoharibika za wageni na mabaharia, na aghalabu alilipwa sahani badala ya fedha. Kwa hiyo sanduku lake halikuwa nakala ya orodha ya mtu yeyote, bali hesabu ya kazi za mikono yake. Ndiyo maana mwalimu aliona kwamba kuchagua kwa kufuata sifa za magazeti kungekuwa sawa na kumdhulumu mwenye mali. Akajiwekea kigezo kimoja tu: je, kazi hii inaweza kusikilizwa nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu ambaye haikutungwa kwa ajili yake, naye akatoka na kitu? Akaomba santuri iunganishwe kwenye umeme. Mjukuu wa marehemu, msichana wa kidato cha pili, akaketi kumsaidia kuifuta sindano vumbi.

3. Arudhi ya chuma

Fungu la kwanza lilikuwa la roki ngumu. Anayeisikia kwa mbali huidhani kuwa kelele isiyo na utaratibu, lakini kwa kweli ni sanaa ya arudhi. Wimbo wake wa kawaida umejengwa juu ya kifungu kifupi cha noti za gitaa la umeme, ambacho hurudiwa hadi sikio likianze kabla ya mpigaji. Kifungu hicho hufanya kazi inayofanywa na kina cha bahari katika utenzi: kila ubeti huenda utakako, lakini hauna budi kurejea pale pale. Humo mna utangulizi, mna beti, mna kiitikio, mna mahali ambapo gitaa hujitenga na kusema peke yake, kisha wote hurudi nyumbani. Atakayeuvunja mpangilio huo bila sababu ataonekana ameteleza, kama malenga aliyepungukiwa na mizani.

Albamu ya Deep Purple iitwayo Machine Head, ya mwaka 1972, ilichaguliwa kwanza. Wimbo wake maarufu zaidi, "Smoke on the Water", ni habari ya tukio. Tarehe 4 Desemba 1971 ukumbi wa kasino wa mji wa Montreux, Uswisi, uliteketea wakati mwanamuziki Frank Zappa akitumbuiza, baada ya mtu mmoja katika hadhira kufyatua fataki. Deep Purple walikuwa wamefika mjini humo kurekodi katika ukumbi huo huo. Waliutazama moshi ukitanda juu ya ziwa, wakahamia hoteli iliyokuwa tupu kwa majira ya baridi, wakarekodi katika korido zake kwa kutumia studio iliyojengwa ndani ya lori. Wimbo unayasimulia hayo kwa ufupi na bila mapambo. Msomaji wa mashairi ya magazetini, yale ambayo washairi wa Kiswahili wameyatuma kwa miaka mingi kusimulia ajali, njaa, chaguzi na misiba, anautambua mara moja utanzu huu: ni ushairi wa shahidi aliyeona.

Ya pili ilikuwa Paranoid ya Black Sabbath, iliyotoka mwaka 1970. Hapo mjukuu alisita, kwa kuwa jina la kundi lilimtisha. Mwalimu akamweleza kwamba vijana hao wanne wa Birmingham, mji wa viwanda, walilichukua jina lao kwenye filamu ya kutisha ya mwaka 1963, na kwamba jambo la maana zaidi kuwahusu lilitokea kwenye karakana. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwanda cha mabati akiwa na umri wa miaka 17, siku aliyokuwa aache kazi hiyo. Kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto kuchapa nyuzi, vidole hivyo ndivyo vilivyopaswa kuzibana. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki na ngozi, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Kulegezwa huko kuliishusha sauti ya gitaa, na katika uzito huo wa chini wengi wameona chanzo cha mtindo mzima uliofuata. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni nadra methali kupata mfano ulio wazi kuliko huu, tena uliotoka kwa wahunzi wenyewe.

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili somo hili si geni. Abdilatif Abdalla aliitunga Sauti ya Dhiki gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, na kitabu kikachapishwa mwaka 1973. Alikuwa na kila sababu ya kuvunja kanuni, kwa maana serikali ilikuwa imemvunjia haki zake. Badala yake alishika vina na mizani kwa nguvu zote. Fani kongwe ilibeba uchungu mpya, na kwa kubanwa nayo uchungu ukazidi kusikika. Anayedai kwamba arudhi ni pingu hana budi kwanza aeleze ilikuwaje mfungwa akaichagua.

4. Wavunjaji

Fungu la pili lilikuwa la roki ya progresivu, yaani ile iliyokataa kuamini kwamba wimbo lazima uishe kwa dakika tatu au nne. King Crimson waliifungua njia hiyo kwa In the Court of the Crimson King mwezi Oktoba 1969, albamu yenye nyimbo tano tu, ambamo gitaa la umeme linakaa pamoja na zumari, saksafoni na melotroni, kinanda kinachocheza sauti za okestra zilizonaswa kwenye utepe. Mwaka 1972 Yes walitoa Close to the Edge, ambayo wimbo wake wa kwanza unaujaza upande mzima wa sahani. Mwaka huo huo Jethro Tull walitoa Thick as a Brick, wimbo mmoja uliotandazwa kwenye pande zote mbili, huku jalada likiwa limetengenezwa kama gazeti la mji mdogo. Mwaka 1974 Genesis walitoa The Lamb Lies Down on Broadway, sahani mbili zinazosimulia safari ya kijana mmoja wa New York katika ulimwengu ulio chini ya ardhi.

Mwaka huo huo wa 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyozua mgogoro mkubwa kuliko wowote katika ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20. Ni dhahiri kwamba Kezilahabi hakuwaiga Genesis, wala Genesis hawakupata kumsikia Kezilahabi. Kinachofanana ni mashtaka. Wanamapokeo walisema kwamba ushairi huru ni nathari iliyokatwakatwa, kwamba umetoka ugenini, kwamba hauimbiki, na kwamba unawatenga wasomaji wa kawaida ili kuwafurahisha wasomi wachache. Wahakiki wa roki waliwashtaki wanaprogresivu karibu kwa maneno hayo hayo: wanajikweza, wameiacha hadhira, wamesahau kwamba roki ilizaliwa kwenye kumbi za dansi. Kuanzia mwaka 1976 vijana wa muziki wa panki walijitokeza na nyimbo za dakika mbili kuwa hukumu juu yao.

Mashtaka hayo hayakuwa ya uongo mtupu. Mna majivuno katika baadhi ya albamu hizi, kama ambavyo mna mashairi huru ambayo uhuru wake ni uvivu. Lakini kigezo cha mwalimu kilisaidia kuchambua. Thick as a Brick aliiacha, ingawa ni ya werevu mwingi, kwa kuwa imekusudiwa kuwa dhihaka ya albamu za namna yake, na dhihaka humtaka msikilizaji awe anakijua tayari kinachodhihakiwa. Close to the Edge aliiacha kwa masikitiko, maana sahani ilikuwa imekwaruzika na sindano iliruka. Aliichukua ya King Crimson pamoja na uso wake wa mayowe, akaigeuza jalada lielekee ndani. Aliichukua ya Genesis kwa sababu aliyekwisha kusoma Nagona, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1990, hashangazwi na msafiri anayeingia mahali pasipo na mantiki ya mchana akijitafuta mwenyewe. Ugumu wa kazi ya namna hii ni wa njia yenyewe, si pazia alilotundika mtunzi, na msikilizaji mvumilivu hufika.

5. Unguja, Mombasa na duara lililofungika

Kulikuwa na shinikizo moja ambalo mwalimu alilikataa. Queen, kundi la Uingereza, liliongozwa kwa sauti na mtu aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa wazazi wa Kiparsi. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata katika shule ya bweni huko India. Akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza, ambako alikuja kuitwa Freddie Mercury. Ni rahisi kumdai. Ni rahisi pia kumkana, kama ilivyodhihirika mwaka 2006 pale kikundi cha kidini kilipopinga sherehe ya kumkumbuka iliyopangwa kufanyika Zanzibar. Lakini kudai na kukana ni hukumu juu ya mtu, wala si uhakiki wa kazi. Kuzaliwa Unguja hakumfanyi mtunzi kuwa wa lazima, kama ambavyo kuzaliwa Tanga hakungetosha kumfanya Shaaban Robert kuwa Shaaban Robert.

A Night at the Opera, ya mwaka 1975, ilichaguliwa kwa sababu nyingine. Wimbo wake "Bohemian Rhapsody" una urefu wa dakika 5 na sekunde 55 na hauna kiitikio. Huanza kwa sauti za watu bila ala, hugeuka wimbo wa majonzi, huingia katika opera ya kejeli, hulipuka kuwa roki ngumu, kisha hutua polepole. Kambi mbili zilizokuwa zikibishana, ya arudhi na ya uhuru, zinakutana ndani yake bila mojawapo kumezwa. Ndani ya ile opera mna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa chuo cha pwani hufunguliwa nalo somo. Mwalimu alimwonyesha mjukuu mahali lilipo, akaliacha lijieleze.

Karibu na chini ya sanduku palikuwa na albamu iliyompa mwalimu furaha kuliko zote: Something for Someone ya kundi la Black Savage, vijana wa Kenya, ya mwaka 1976. Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa kitovu cha uchapishaji wa santuri Afrika Mashariki, na vijana wa mijini walikuwa wakijaribu kila kitu. Mombasa, Slim Ali na Hodi Boys waliimba muziki wa soul kwa Kiingereza. Huko Zambia makundi kama WITCH, wenye albamu Lazy Bones!! ya mwaka 1975, yalijenga mkondo kamili wa roki ya Kiafrika. Miongoni mwa wana wa Black Savage alikuwamo Job Seda, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956. Baadaye alishika nyatiti ya Waluo, akajulikana kama Ayub Ogada, akaenda Uingereza akipiga nyatiti yake hata katika njia za treni za chini ya ardhi za London. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitolewa mwaka 1993 na kampuni ya Real World. Mwanzilishi wa kampuni hiyo ni Peter Gabriel, yule yule aliyeimba The Lamb Lies Down on Broadway kabla ya kuachana na Genesis mwaka 1975.

Basi katika sanduku moja la Matasia zililala pamoja, pasipo marehemu kukusudia, sahani ya Gabriel na sahani ya Seda, takriban miaka ishirini kabla ya majina hayo mawili kukutana kwenye jalada moja. Mtu anayeiita roki kitu cha wazungu na nyatiti kitu cha wazee hawezi kulieleza sanduku hilo. Ogada, aliyefariki mwaka 2019, hakuvuka kutoka ugenini kwenda nyumbani kwa kuutubu ujana wake, aliubeba.

6. Albamu kama utenzi

Sahani ndefu ya santuri huchukua dakika ishirini na kitu kila upande. Kipimo hicho kilitokana na ufundi, si na ujumi, lakini wasanii wa miaka ya 1970 walikigeuza kuwa umbo, kama ambavyo watunzi wa tenzi waliugeuza ubeti wa vipande vinne kuwa nyumba ya simulizi ndefu. Hakuna mwalimu wa fasihi atakayemruhusu mwanafunzi kusoma ubeti wa arubaini wa Al-Inkishafi peke yake akadai ameisoma Al-Inkishafi. Tafakuri ile ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya magofu ya Pate hupata uzito wake kwa mfuatano: majumba, taa, wenyeji, kisha popo na buibui.

Mjukuu alikuwa amezoea nyimbo za kwenye simu, zinazokuja moja moja na kukatwa kidole kikichoka. "Babu, mbona huu hauishi?" aliuliza wakati The Dark Side of the Moon, albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1973, ilipokuwa ikizunguka. Jibu ni kwamba nyimbo zake zinashikana. Albamu hufunguka kwa mapigo ya moyo na kufungika kwa mapigo hayo hayo, na kati yake mna muda unaopita bila kutumika, mna fedha, mna wazimu, mna mauti. Ilikaa katika orodha ya albamu 200 zinazouzwa zaidi Marekani kwa majuma 741 kati ya mwaka 1973 na 1988, lakini hesabu hiyo haielezi lililotokea siku ile Matasia.

Upande wa kwanza wa sahani hiyo humalizikia kwa kinanda cha Richard Wright, na juu yake sauti ya mwanamke asiyetamka neno lolote. Mwimbaji ni Clare Torry. Aliitwa studio mwezi Januari 1973, akaambiwa kwamba wimbo unahusu kifo na kwamba hauna maneno, akalipwa pauni 30. Miaka zaidi ya thelathini ilipita kabla hajatambuliwa kuwa mtunzi mwenza. Sauti yake hupanda kama ya mtu anayebisha, huvunjika, hushuka hadi mnong'ono.

Mjane alikuwa jikoni akiosha vyombo. Vyombo vikanyamaza. Alikuja akasimama mlangoni, mikono ikiwa bado na povu, akasikiliza hadi sindano ilipofika mwisho na kuanza kukwaruza bure.

"Huyu anamlilia nani?" aliuliza.

"Hawakumwambia," mwalimu akajibu. "Walimwambia tu kwamba ni kifo."

Mjane hakusema kwamba wimbo ni mzuri. Alivuta kiti akaketi.

7. Mzee wa kuni

Kufikia hapo mkono wa mwalimu ulikuwa umejaa: Machine Head, Paranoid, In the Court of the Crimson King, The Lamb, A Night at the Opera, Something for Someone na The Dark Side of the Moon. Juu ya fungu la zilizoachwa palikuwa na albamu ya nne ya Led Zeppelin, ya Novemba 1971. Jalada lake halina jina la kundi wala la albamu. Lina ukuta wenye karatasi zilizobanduka, na ukutani hapo imetundikwa picha ya mzee mwenye ndevu, aliyepinda mgongo chini ya mzigo mkubwa wa fito. Ukilifungua, unaona kwamba ukuta ni wa nyumba inayobomolewa.

Mjane aliliokota. "Na huyu mzee wa kuni ni nani?"

Kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna msikilizaji aliyeweza kulijibu swali hilo. Mwaka 2023 mtafiti wa historia Brian Edwards aliikuta picha asili katika kitabu cha picha cha zama za Malkia Victoria. Ilipigwa na Ernest Farmer mwaka 1892, na inaaminika kwamba mzee huyo ni Lot Long, mwezekaji wa mapaa ya nyasi wa eneo la Wiltshire, Uingereza. Mwalimu aliyasema hayo kwa maneno machache.

"Kwa hiyo alikuwa akienda kuezeka," mjane akasema. Aliinamia picha tena. "Mama yangu alibeba hivi hivi kutoka msitu wa Ngong, kamba kwenye paji. Yeye hakupigwa picha."

Hapa ndipo swali la uteule hupata jibu ambalo orodha za magazeti haziwezi kulitoa. Fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ilitufikia si kwa sababu kamati ilikaa ikaiteua, bali kwa sababu watu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga mbao na mpiga kibangala, walikaa wakainakili kwa mkono. Kila utenzi tulio nao leo ulibebwa na mtu fulani aliyeona kwamba ukiachwa utapotea. Kazi ya lazima ni ile iliyompata wa kuibeba mbali na mahali ilipotungwa, na mbebaji hulazimika kuwa na sababu yake mwenyewe. Fundi wa umeme alizibeba sahani zake kutoka Mombasa hadi Matasia kwa kuwa zilikuwa jasho lake. Mwalimu alizibeba saba kwa kuwa zilijibu maswali aliyokuwa amewafundisha wengine kuyauliza. Ya nane mjane hakumpa. Aliifuta kwa upindo wa kanga, akaisimamisha juu ya kabati, picha ikitazama mlango.

Zilibaki ishirini na tatu. Mwalimu alipokuwa akiaga aliuliza, kwa adabu, kuhusu moto. Mjane alitazama nje, kwenye vilima vya Ngong, ambako mitambo ya umeme wa upepo ilikuwa ikizunguka kwa kasi.

"Upepo ni mwingi leo, shemeji," akasema. "Moto ungesambaa. Rudi Jumamosi ijayo tuone."

Akalirudishia sanduku shuka lake.